Nishani tano za babu wa Keya: nisaidieni kabla ba'mkubwa hajaziuza

Mjukuu wa Keya

Wakuu, habari za humu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kushoto.

Babu mzaa baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Alikuwa askari wa Keya (K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza huku kwetu), alikwenda Bama, ndiyo Burma, kupigana na Mjapani akarudi. Hilo ukoo mzima tunalijua, maana hakuna msiba wazee wasiolirudia. Wiki iliyopita tulikuwa Iringa kwenye kikao cha kugawana vitu vya bibi, naye katutoka mwaka jana. Likatolewa sanduku la bati kutoka uvunguni, halijafunguliwa sijui tangu lini, kufuli ilibidi ikatwe.

Ndani kulikuwa na kitambaa cha khaki kimepigwa fundo, na humo nishani tano. Mbili ni nyota za pembe sita, rangi ya shaba iliyopauka, moja imeandikwa The Burma Star na nyingine The 1939-1945 Star. Tatu ni za mviringo, zinaelekea rangi ya fedha. Kuna kitabu kidogo cha kuachishwa jeshi, kurasa zake zimegandana. Kuna picha ya babu na wenzake wawili, kofia zao pana zimekunjwa upande mmoja. Halafu barua 11 zimefungwa pamoja kwa uzi wa katani.

Sasa kimbembe. Ba'mkubwa kampata mnunuzi. Jamaa anatoa laki tatu kwa nishani zote tano, na karatasi kasema tubaki nazo, hana kazi nazo. Ba'mkubwa anataka tuuze, tugawane, tumalize. Shangazi hataki, ila ukimuuliza sababu anaangalia pembeni. Mimi nimeomba wiki mbili.

Naomba kujua hizi ni nishani za nini hasa, ni halisi au za kuigiza, na tukiamua kubaki nazo tunazitunzaje. Picha hizo hapo chini, samahani simu yangu kimeo.

Chizi Fresh wa Makambako

Laki tatu gawa kwa ukoo mzima, kila mtu anapata nauli ya kurudia kwao. Naweka kambi hapa.

Koplo Mstaafu

Mleta mada, asante kwa kuuliza kabla ya kuuza. Wengi humu huja kuuliza wakati nishani zishapanda ndege.

Nyota mbili ziko sawasawa. Ile ya Burma utepe wake ni bluu nzito, katikati nyekundu pana, na mchirizi wa rangi ya machungwa kila upande. Angalia katikati ya nyota: kuna herufi GRI na VI, chini ya taji. Hiyo ni alama ya Mfalme George wa Sita. Za kuigiza mara nyingi humwagwa kwenye kalibu, kwa hiyo hizo herufi huwa zimevimba kama mkate, hazina makali. Zako kwa nilivyoona zina makali.

Katika zile za mviringo, yenye simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili ni War Medal 1939–1945. Yenye simba wawili na mche wenye taji katikati ni Defence Medal. Hizo zote mbili si fedha, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Mtu aliyekaa Burma kuzipata zote nne ni jambo la kawaida.

Sasa nisikilize vizuri. Nishani za vita ya pili za Mwingereza hazikuchongwa majina kwa askari wetu. Wahindi, Waaustralia na Wa-Afrika Kusini walichongewa zao. Za askari wa Keya zilitoka tupu, hivyo Burma Star ya babu yako na ya babu wa mtu mwingine hazina tofauti hata ya nywele. Kinachoifanya iwe ya babu yako ni hicho kitabu na hizo barua. Mnunuzi anayechukua chuma akaacha karatasi ama hajui anachofanya, ama kuna kimoja kati ya hivyo vitano kimemvutia peke yake. Ya tano picha yako imetoka giza. Igeuze uipige juani, na upige ukingo wake pia, pale unaposhika sarafu kwa vidole viwili.

Kitabu kikionyesha kikosi utatueleza. Kwa faida ya wengine: wakati wa vita Keya iliongezwa vikosi, na nambari inayoishia na 6 huwa ni Tanganyika. Kikosi cha 26 na cha 36 vilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoshuka bonde la Kabaw katika mvua za 1944 na kuvuka mto Chindwin Desemba mwaka huohuo. Shajara za kila siku za vikosi hivyo zimehifadhiwa kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, London, katika mafungu ya WO 169 kwa huku kwetu na WO 172 kwa Burma. Askari wa kawaida hutajwi jina humo, lakini ukijua kikosi unajua babu alilala wapi tarehe fulani.

fundi karatasi

Kabla hujafanya lolote: USIFUNGUE KURASA ZILIZOGANDANA KWA NGUVU. Na usizilainishe kwa mvuke wa birika, najua kuna mtu atakushauri hivyo.

Naongea kwa uchungu. Kwetu cheti cha babu cha kuachishwa jeshi kilikuwa kimechanika kwenye mkunjo. Mimi mwenyewe, na ujuaji wangu wa kidato cha nne, nikakipeleka kupigwa lamineti. Ule moto uliyeyusha gundi ikaingia kwenye karatasi, na leo wino wa mhuri umesambaa kama chai iliyomwagika. Hakitoki tena humo. Kukibandua ni kukichana.

Wewe fanya hivi. Piga picha kila kitu kilivyo sasa, pamoja na lile fundo la kitambaa na ule uzi wa katani, kabla ya kupanga upya. Ondoa pini na vibanio vya chuma, kutu hula karatasi. Selotepu hapana. Kila barua ikae imekunjuliwa kati ya karatasi nyeupe safi, siyo gazeti, gazeti lina asidi litaipaka unjano. Bahasha yake ikae naye, usitupe bahasha hata ikiwa tupu. Ukitaka kuandika kumbukumbu tumia penseli, tena kwenye karatasi ya pembeni. Dawa ya nondo isikae humo ndani.

Na nishani msizing'arishe! Bibi yangu alikuwa anasugua ya mumewe kwa majivu na ndimu kila Krismasi. Ilikuwa inawaka kama kioo, na sura ya mfalme imebaki bila pua.

Chizi Fresh wa Makambako

Bila pua 😂😂 mzee wa Kiingereza kakutana na majivu ya Mbeya.

Mjukuu wa Keya

Nimerudi. Asanteni sana, hasa fundi karatasi, maana ba'mkubwa alikuwa ameshatuma mtoto dukani akanunue dawa ya kung'arishia.

Nimepiga ile ya tano juani. Kwanza siyo mfalme, ni mwanamke, amevaa taji. Nyuma kuna mwanamke mwingine amesimama na simba, na chini pameandikwa AFRICA. Utepe ni wa njano, kingo nyeusi, na mistari miwili myembamba ya kijani. Juu ya utepe kuna kibamba kimeandikwa KENYA.

Na ukingoni kuna maandishi! Madogo sana, nilitumia miwani ya shangazi kama lenzi. Kuna namba, cheo, jina, halafu K.A.R. Shida ni kwamba hilo jina SI la babu. Ba'mkubwa anasema babu aliiokota, au kamshinda mtu kwenye bao huko kambini.

Koplo Mstaafu

Nilihisi. Hiyo ni Africa General Service Medal, na hiyo ndiyo fedha ya kweli. Mnunuzi wako alikuwa anaitaka hiyo.

Huyo mama mwenye taji ni Malkia Elizabeth. Mfalme George alifariki Februari 1952, kwa hiyo hiyo nishani haihusiani na Burma hata kidogo. Kibamba cha KENYA walipewa waliokuwa kwenye operesheni dhidi ya Mau Mau, kuanzia Oktoba 1952 hadi Novemba 1956. Na hizi zilichongwa majina. Vikosi vya Tanganyika vilipelekwa kule, cha 6 na cha 26.

Nishani ya bao sijawahi kuiona. Jina la mwingine ndani ya sanduku la babu lina maelezo matatu tu: rafiki aliyekufa akaiacha, mtu aliyeiweka rehani, au babu mwenyewe kwa jina jingine. Tafuta hiyo namba kwenye karatasi zako. Usituwekee humu namba wala jina, watu wanatengeneza karatasi feki kwa kuokota vitu kama hivyo mtandaoni.

Jirani wa Gerezani

Wakuu nichomekee kidogo. Za vita ya kwanza nazo zina majina ukingoni, ile ya fedha na ile ya shaba yenye malaika. Babu mkubwa wa mke wangu anayo. Ila wapagazi walioibeba hiyo vita mabegani, wengi wao hawakupata hata utepe. Walichoachiwa ni Kariakoo, neno lenyewe limetokana na Carrier Corps. Kila siku tunabishana bei ya viatu pale, hakuna anayekumbuka.

Endeleeni.

Mama Stempu

Mleta uzi, habari yako mwanangu. Mimi nakusanya stempu tangu niko sekondari na nimezikuza picha zako moja moja.

Barua yako ya saba haitoki Burma.

Barua za askari waliokuwa vitani zilipita posta ya jeshi, zikagongwa mhuri wa posta hiyo wenye namba badala ya jina la mji, na mkaguzi akagonga wake. Hizo sita za kwanza ziko hivyo. Ya saba ina stempu ya kawaida ya Kenya, Uganda na Tanganyika, maana nchi zote tatu zilitumia stempu moja, na sura iliyo juu yake ni ya malkia. Stempu za kawaida za sura yake zilianza kuuzwa Juni 1954. Kwa stempu peke yake huwezi kujua ilitumwa kutoka nchi ipi. Mhuri ndio unaosema. Wako umefifia lakini naona herufi ya kwanza N na ya mwisho I, katikati kama tatu. Hebu iinamishe kwenye mwanga wa dirisha la asubuhi, mwanga uje kwa ubavu.

Na tazama nyuma ya bahasha. Askari alikuwa anaandika namba yake hapo.

Mjukuu wa Keya

NYERI. Kule Kenya.

Mama Stempu, mhuri unasoma NYERI, 1954. Na nyuma ya bahasha kuna namba ileile iliyoko ukingoni mwa nishani, tarakimu kwa tarakimu. Nimerudia mara nne, nikamwita binti yangu asome bila kumwambia ya kwanza.

Jina la mtumaji ni lilelile la kwenye nishani. Mwandiko ni wa babu, hauna mjadala, ile L yake yenye mkia iko kwenye barua zote 11. Nikakaa chini. Kisha nikamtumia jina hilo mzee mmoja wa ukoo kule kijijini. Akacheka. Ni jina la babu yake babu, karani kaweka R mahali pa L.

Kwa hiyo mzee alirudi jeshini, kwa jina la marehemu, na hakuna aliyewahi kutuambia. Barua ilikwenda kwa mdogo wake. Anasema baridi ya huko inauma kuliko ya Mufindi, wanalala msituni juu ya majani mabichi, na buti moja inavuja. Anauliza kama ng'ombe mwekundu kazaa. Basi. Ukurasa wa pili sijaufungua, umegandana na bahasha.

Wa Othaya

Nimesoma hii thread kimya kimya tangu juzi. Mimi ni wa Nyeri.

Guka wangu, yaani babu, alikaa Manyani, ile kambi ya waliowekwa kizuizini wakati wa Mau Mau. Cucu, bibi yangu, alihamishwa pamoja na wengine, nyumba zao zikachomwa, wakawekwa kijiji chenye handaki na miti iliyochongwa ncha. Alituambia askari waliosimama getini walikuwa wa Keya na walikuwa wanaongea Kiswahili cha mbali. Nilikuwa nafikiri anamaanisha cha Mombasa.

Sina neno baya kwa mleta mada. Ningependa tu kujua kama kwenye barua kuna jina la mahali.

Chizi Fresh wa Makambako

Hapa utani nauweka pembeni. Pole dada.

Kichwa Ngumu

Historia ishapita, kila mtu alitafuta mkate wake. Uzeni hizo medali mpate hela, mnachimba makaburi ya nini?

Wa Othaya

Kichwa Ngumu, mimi nimeuliza jina la mahali tu.

Kipanga wa Kilwa

Nami niongezee kwa wenye masanduku ya pwani. Kwetu barua za babu kutoka Burma ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwa kuwa hakuna kijana aliyeweza kuzisoma, zikahesabiwa kuwa dua. Mbili zilishonwa hirizi wakavishwa watoto. Baadaye ndipo maalim mmoja alipoisoma iliyobaki, ikawa ni Kiswahili kitupu: babu anamlalamikia kaka yake kuhusu shamba la minazi na deni la shilingi 12. Shangazi yangu amevaa lile deni shingoni utoto wake wote 😄

Kwa hiyo mkiona herufi za Kiarabu msikimbilie kudhani ni Kurani. Tafuteni mzee asome.

Binti wa Changamwe

Sisi hatuna nishani wala barua. Kaka yake bibi alikuwa kwenye mizinga, wakapanda meli Mombasa, Khedive Ismail, Februari 1944, wanakwenda Colombo. Manowari ya Kijapani iliipiga karibu na Maldives tarehe 12 ikazama kwa dakika chache, wakafa karibu watu 1,300. Familia ilikaa inangoja mpaka watu wa Burma wakarudi wote.

Jina lake nililikuta kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, bure kabisa. Andika jina kwa kila tahajia unayoweza kuifikiria. Kisha nikaenda kuliona kwa macho kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, pale Ngong Road, limechongwa kwenye ukuta wa kumbukumbu. Nilipaka karatasi na penseli juu yake nikampelekea mama. Ndiyo hati pekee tuliyo nayo.

fundi karatasi

Mjukuu, huo ukurasa uliogandana: weka bahasha kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, pembeni weka kitambaa chenye unyevu, visigusane. Funika, chungulia kila baada ya saa. Karatasi itavuta unyevu taratibu, gundi ilegee. Ukiona wino unaanza kung'aa, acha mara moja, toa, usiendelee. Ukifunguka, uache ukauke chini ya kitabu kizito, katikati ya karatasi nyeupe.

Na piga picha kila hatua.

Mjukuu wa Keya

Samahani kwa kuchelewa, mtandao wa kule kijijini mnaujua.

Ukurasa umefunguka. Ulitumia saa tano na nusu, nilikaa nao kama mgonjwa.

Wa Othaya, dada, jina la mahali halimo. Nimesoma mara nyingi nikitafuta kwa ajili yako. Kuna mstari mmoja: anasema wamepewa kazi ya kusimama kwenye kijiji usiku, na wanawake wa hapo hawamwamkii mtu. Hakuandika zaidi ya hapo. Nimekutumia picha yake kwa faragha, ni haki yako kuiona kuliko sisi wengine humu.

Chini kabisa anamwambia mdogo wake: "Mama watoto ukimwambia, mwambie niko Tanga."

Nikampelekea shangazi. Alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa juu ya lile sanduku. Ndipo akasema. Babu alipotoka Burma bibi alimwapisha asirudi tena jeshini. Baadaye mambo yakawa magumu, akaaga kwamba anakwenda Tanga kwenye mkonge, manamba. Akajiandikisha kwa jina la babu yake ili watu wa huku wasije wakamtaja. Alirudi na baiskeli na blanketi mbili, na bibi hakuuliza mkonge gani unalipa baiskeli. Ile nishani ya yule mama, shangazi aliiona mara moja tu akiwa msichana. Babu alimnyang'anya akamwambia isitoke nje.

Nikamuuliza sasa nani aliifunga pamoja na zile za Burma kwenye kitambaa kimoja. Akaniambia niangalie lile fundo kwenye picha niliyopiga kabla ya kufungua. Nimeiangalia. Ni fundo la kufungia kibwebwe, na ule uzi wa barua ni uleule bibi aliokuwa akisukia vikapu.

Ba'mkubwa kaambiwa. Hajasema kitu, ila mnunuzi alipopiga jana, alimpa simu shangazi.